Kuficha Sehemu ya Kufulia Katika Nyumba Ndogo: Kisa cha Stoo ya Korido, Upanga

Nyumba inayozungumziwa hapa ni fleti ya vyumba viwili vya kulala katika jengo la zamani la ghorofa tatu, Upanga, Dar es Salaam. Fleti yenyewe iko ghorofa ya juu kabisa, na wanaishi humo watu sita: baba na mama, watoto watatu wanaosoma, na bibi yao mzaa mama. Yupo pia dada wa kazi, ambaye huja asubuhi na kuondoka alasiri. Kwa miaka mingi nguo zilifuliwa bafuni kwa mabeseni na kuanikwa kwenye roshani ya mbele inayotazama barabara, hivyo kwamba mgeni aliyekaribishwa sebuleni alikaa akitazamana na shuka na nguo za ndani za wenyeji wake. Ndoo, sabuni na tenga la nguo chafu vilikuwa vimekaa njiani kati ya bafu na jiko. Familia ilipojaliwa uwezo wa kununua mashine ya kufulia, mama mwenye nyumba alitaka jambo moja lililoeleweka vizuri: kazi ya kufua iendelee humo humo ndani, lakini isionekane.

Niliombwa kutoa ushauri wakati seremala alikuwa amekwisha chukua vipimo vya kabati. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo kubwa la mpango ule, kwa sababu mlango ni jambo la mwisho katika kazi ya namna hii. Mashine ni sanduku la sentimita 60 kwa 60 hivi, na kuliziba kwa mbao hakumshindi fundi yeyote. Kilicho kigumu kuficha ni nguo mbichi, kwa maana nguo mbichi haziwezi kufungiwa. Katika mji ambao unyevu wa hewa mara nyingi huwa juu ya asilimia 70, anayeanza na kabati na kumalizia na swali la mahali pa kuanika hujenga chumba cha ukungu nyuma ya mlango mzuri.

Hesabu yake si ndefu. Mashine ya kilo 7 inayokamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika huziacha nguo za pamba zikiwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake mkavu. Mzigo uliojaa, basi, hutoka ukiwa umebeba lita tatu na nusu hivi za maji ambayo lazima yaende hewani. Yakiingia katika hewa ya korido isiyo na dirisha, yatatua kwenye ukuta, kwenye dari, na kwenye nguo zilizokunjwa kabatini. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza habari ya mashine tulikwenda kutazama mahali pa kuanikia.

Mahali palipopendekezwa

Mapendekezo yaliyokuwepo yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa kuiweka mashine jikoni, chini ya meza ya kazi. Bibi ndiye aliyelipinga kwanza, akisema nguo zenye najisi hazipaswi kupangwa karibu na sufuria, na kwa familia inayoswali nyumbani hoja hiyo ilitosha. Mimi niliongeza kwamba nafasi pekee iliyobaki jikoni ilikuwa kando ya mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutanda sakafuni, na kuizungushia kabati lenye mota na swichi za umeme ni hatari isiyo na sababu.

La pili lilikuwa kuijengea mashine kabati kwenye roshani ya mbele. Wengi hufanya hivyo, na kwa mtazamo wa kwanza linavutia kwa sababu linaiacha nyumba nzima huru. Lakini bomba la roshani ile lilikuwa la maji ya mvua tu, likimwaga moja kwa moja uani, mbele ya mlango wa jirani wa chini. Povu la sabuni lingemfikia mara tatu kwa wiki. Tena upande ule hupigwa na jua la jioni na upepo wenye chumvi ya bahari, ambao hula bati la mashine kuanzia kwenye viungo na skrubu.

Pendekezo la tatu lilikuwa stoo ya korido, ambayo kila mtu aliiona ndogo mno. Ilikuwa na upana wa sentimita 118, kina cha sentimita 80 na kimo cha sentimita 250, imejaa masanduku, feni mbovu na magodoro ya wageni. Sifa yake moja iliipiku sifa nyingine zote: ukuta wake wa nyuma ulikuwa ukuta wa bafu. Bomba la maji safi na bomba la maji machafu vyote vilikuwa upande wa pili wa tofali moja. Katika fleti ya zamani, umbali wa mashine kutoka kwenye bomba la maji machafu ndio unaoamua gharama, kwa sababu kila mita ya bomba hilo inahitaji mteremko, na mteremko unahitaji kuvunja sakafu ambayo chini yake kuna dari ya mtu mwingine.

Kuhusu kuanika, jibu lilikuwa limejengwa tangu zamani. Nyuma ya jiko kuna roshani ndogo ya sentimita 90 kwa mita 2.2, iliyozibwa kwa matofali ya matundu kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Waliojenga nyumba za mjini humu zama hizo waliyatumia matofali hayo kwa wingi, na walijua walichokifanya: upepo unapita, jua kali linakatwa, na mtu aliyeko nje haoni kilichomo ndani. Roshani hiyo inatazama kusini-mashariki, kwa hiyo hupokea upepo wa kusi moja kwa moja kwa miezi mingi ya mwaka. Kwa miaka mingi ilikuwa imegeuzwa ghala la magunia ya mkaa na viti vilivyovunjika. Ukiniuliza ni kitu gani hasa kilichoficha kufua katika nyumba hii, nitakuambia ni ule ukuta wa matundu kuliko mlango wowote wa seremala.

Tulifunga darini miti sita ya alumini, kila mmoja wa mita 2, inayoshushwa na kupandishwa kwa kamba na kapi. Dada huishusha hadi usawa wa kifua, huanika, kisha huivuta juu, na chini panabaki njia ya kupita. Mkaa ulihamishiwa chini ya sinki katika ndoo yenye mfuniko, maana vumbi lake lingezipaka weusi sare nyeupe za shule. Siku gesi inapoisha na jiko la mkaa likalazimika kuwashwa pale roshani, nguo huondolewa kwanza. Ni usumbufu, na familia iliukubali ikijua.

Urefu wa miti hiyo, yaani mita 12 kwa jumla, ndio ulioamua ukubwa wa mashine. Muuzaji dukani alikuwa ameisukuma familia kuelekea mashine ya kilo 10, akisema watu sita hawatoshelezwi na ndogo. Lakini mashine kubwa yenye mahali padogo pa kuanika huzaa rundo la nguo mbichi linalosubiri zamu kwenye beseni, na nguo ya pamba iliyokaa mbichi kwenye rundo usiku kucha huanza kunuka. Ilichaguliwa mashine ya kilo 7 ya mlango wa mbele, na desturi ya kufua kila kitu Jumamosi ikaachwa. Sasa hufuliwa mzigo mmoja mdogo siku tatu au nne kwa wiki, na mashuka yana siku yake.

Maji yaingiayo na maji yatokayo

Kuishi ghorofa ya juu kuna hasara moja ambayo wengi huigundua mashine ikiwa imekwisha fungwa. Tangi la jengo hili liko juu ya paa, na kitako chake kilikuwa mita tatu na nusu tu juu ya mahali ambapo koki ya mashine ingekaa. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa shinikizo la baa 1 hivi. Mita tatu na nusu hutoa baa 0.35. Kitabu cha mashine kilidai isipungue baa 0.5. Chini ya hapo valvu ya mashine haifunguki vizuri, maji huingia kidogo kidogo, na baada ya muda mashine hujihesabu kuwa imekosa maji na kusimama. Fundi asiyejua atabadilisha valvu, kisha ubao wa umeme, na tatizo litabaki pale pale.

Kuliinua tangi kungehitaji ridhaa ya majirani wote na ngazi mpya ya chuma. Tulichagua pampu ndogo ya kuongeza shinikizo, ile inayojiwasha yenyewe maji yanapoanza kupita, tukaiweka chini kando ya mashine juu ya tofali lililofunikwa mpira. Mwanzoni mtikisiko wake ulisafiri kwenye bomba la chuma hadi chumba cha bibi. Kipande cha bomba laini kilichowekwa kati ya pampu na bomba la ukutani kilimaliza mlio huo. Kabla ya koki tuliweka chujio linaloweza kufunguliwa kwa mkono, kwa sababu jengo hununua maji ya boza pale ya bombani yanapokatika, na mchanga wa chini ya tangi ukiamshwa huziba wavu mdogo wa kwenye valvu ya mashine. Koki yenyewe iko upande wa kulia, usawa wa mkono, mahali ambapo inafungwa bila kuisogeza mashine. Nimeona nyumba ambazo koki iko nyuma kabisa ya mashine, na siku mpira ulipopasuka wenye nyumba walilazimika kukimbilia paani kufunga maji ya jengo zima.

Upande wa maji machafu ulihitaji uangalifu zaidi. Fundi bomba alitaka kuuingiza mpira wa mashine moja kwa moja kwenye tundu la sakafu ya bafu, njia ambayo ni rahisi na hutumika sana. Ubaya wake ni kwamba mwisho wa mpira ukiwa chini kuliko usawa wa maji ndani ya pipa la mashine linalozungusha nguo, maji hujivuta yenyewe kwenda nje. Mashine hujaza huku ikimwaga, na sabuni yote huondoka kabla ya nguo kuguswa. Dawa yake ni bomba la wima la inchi 2, ambalo mdomo wake uko kati ya sentimita 60 na 90 kutoka usawa wa miguu ya mashine, lenye mkunjo wa kushikilia maji chini ili harufu ya chemba isipande. Mpira wa mashine hutundikwa mdomoni mwa bomba hilo, na nafasi inayobaki kuuzunguka haizibwi kwa silikoni wala kitambaa, kwa kuwa hewa inayoingia hapo ndiyo inayokata mvuto. Kabla ya kuziba ukuta tulimimina ndoo mbili mfululizo kwa kasi. Maji yalirudi juu mara moja, likafunguliwa bomba la zamani la bafu, likatolewa kifungu cha nywele na chokaa, na jaribio likarudiwa mpaka yakapita bila kusita.

Sakafu ya stoo ilichimbuliwa hadi kwenye zege, ikapakwa dawa ya kuzuia maji iliyopanda ukutani sentimita 20, ikawekwa vigae vyenye mteremko kuelekea tundu dogo la sakafu, na mbele pakajengwa kizingiti cha sentimita 5. Hayo yote hayaonekani, na yalikula sehemu kubwa ya bajeti kuliko milango. Baba alilalamika, na ninamwelewa. Lakini aliye ghorofa ya juu anapoweka mashine ya maji nje ya bafu, anaiweka juu ya kitanda cha jirani yake, na jirani hana sauti katika uamuzi huo.

Umeme

Fleti ilikuwa na soketi mbili za korido zilizounganishwa na taa, bila waya wa erthi unaoaminika. Mashine inayochemsha maji huvuta wati 2,000 hivi. Kwa umeme wa volti 230 hizo ni ampea karibu 9, ambazo soketi ya ampea 13 huzimudu ikiwa nyuma yake kuna waya unaofaa. Ulivutwa waya mpya wa milimita 2.5 pamoja na erthi kutoka kwenye mein swichi, wenye breka yake peke yake, na kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Soketi iko juu, kwenye ukuta wa kushoto, mbali na mipira ya maji, na karibu yake kuna kifaa cha kuilinda mashine umeme unapopanda au kushuka ghafla.

Mama aliogopa kwamba LUKU itaisha haraka. Kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzi 28 hadi 60 kunatumia uniti 0.6 hivi, na hicho ndicho kinachokula umeme, kwani kuzungusha pipa peke yake ni kazi ndogo. Maji ya tangi la paani katika pwani hii hayana baridi ya kuizuia sabuni kuyeyuka. Nguo za kila siku hufuliwa bila kupashwa, na maji moto yameachiwa taulo na mashuka.

Ndani ya stoo

Mashine ilisimamishwa juu ya kitako cha zege cha sentimita 12 kilichomwagwa papo hapo. Seremala alikuwa amependekeza kitako cha mbao chenye droo, lakini mashine inayokamua kwa mizunguko 1,200 juu ya mbao hutembea. Bolti za kusafirishia, zile zinazolishika pipa lisitikisike safarini, zilitolewa, miguu minne ikapimwa kwa pimamaji, na huo ndio ukawa mwisho wa habari ya kelele. Kimo hicho cha sentimita 12 kilikuwa na sababu nyingine, nayo ilitoka kwa dada wa kazi. Nilipomuuliza kazi gani humchosha, hakutaja kufua. Alisema, “Kuinama, kaka. Kutoa nguo chini na kupanda nazo juu.” Sentimita 12 si nyingi, lakini zimeupandisha mlango wa mashine ukaribie kiuno chake. Sielewi jinsi ramani za sehemu za kufulia zinavyochorwa mara nyingi bila mtu anayefua kuulizwa neno moja.

Juu ya mashine kuna ubao wa kukunjia nguo, usawa wa mita 1 kutoka sakafuni. Kando, katika sentimita zilizobaki, kuna matenga matatu yanayovutwa nje kama droo: la nguo nyeupe, la nguo za rangi, na la sare. Khanga mpya zina ndoo yake, kwa kuwa zinatoa rangi katika mafuo ya mwanzo na hazichanganywi na kitu. Nguo zenye najisi husuuzwa kwanza bafuni kwa maji yanayotiririka, kama bibi alivyoagiza, ndipo ziletwe kwenye mashine. Jiki na sabuni ziko kwenye rafu ya juu yenye kufuli, mbali na mtoto mdogo. Chini mbele ya mashine hakukuwekwa ubao wowote wa kuficha, kwa sababu hapo ndipo lilipo kifuniko cha chujio la pampu ya mashine yenyewe, ile inayotoa maji machafu. Umeme ukikatika katikati ya kufua, maji hukaa ndani na mlango hubaki umefungwa. Njia ya kuyatoa ni pale chini, kwa trei na subira.

Mlango ulikuja mwisho. Korido ina upana wa mita 1 na ushei, kwa hiyo mabawa mawili ya kawaida yangeziba njia ya bafu kila yanapofunguliwa. Mlango wa kuteleza ungefungua nusu tu ya stoo kwa wakati mmoja. Tulichukua milango ya kukunja, mabawa mawili kila upande, ambayo ikifunguliwa hutokeza nje sentimita 30 hivi. Seremala alikuwa ameandaa MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya kupakwa rangi, nami nilisimama imara dhidi yake: MDF ikinywa maji ukingoni huvimba, na haijirudi. Milango ilitengenezwa kwa mninga, ambao hautuni wala kupinda kirahisi hewa inapobadilika, ukiwa na luva, yaani vibao vya mlalo vinavyopitisha hewa, kuanzia juu hadi chini. Milango ya vyumba katika korido ile nayo ni ya mbao za rangi hiyo hiyo, na umbo la mabawa lilifuatishwa nayo. Mgeni anayekwenda bafuni hupita mbele ya stoo na kuona mlango mwingine wa chumba.

Luva peke yake hazitoshi, kwa kuwa korido haina dirisha. Juu ya dari ya bafu tulipitisha bomba la inchi 4 kutoka stoo hadi ukuta wa nje, lenye feni ndogo inayoendelea kuvuta kwa saa moja baada ya taa ya stoo kuzimwa. Hewa huingia kupitia luva za chini na kutoka juu. Kina cha sentimita 80 kilitupa pia nafasi ambayo makabati mengi huikosa: mashine ina kina cha sentimita 55, mipira nyuma yake inahitaji 10, na zilizobaki mbele zinauruhusu mlango wa mashine uachwe wazi kidogo huku milango ya mninga ikiwa imefungwa. Mpira wa kuzunguka mlango wa mashine lazima ukauke. Ukifungiwa mbichi huota ukungu mweusi, na kuanzia hapo kila nguo safi hutoka na harufu yake. Kabati linalomlazimisha mtu aubane mlango wa mashine ndipo kabati lifungike, hata liwe la mbao gani, limeshindwa kazi yake.

Masika ya kwanza yalikuwa mtihani wa kweli. Kati ya Machi na Mei zilikuja siku ambazo roshani ya nyuma haikukausha chochote kuanzia asubuhi hadi jioni. Familia ilifua nusu mzigo, ikaongeza mkamuo mmoja zaidi, na usiku ikaning'iniza mashati kwenye hanga chini ya pangaboi la sebule baada ya wageni kuondoka. Sare zilikauka kufikia alfajiri. Jinzi hazikukauka, zikasubiri. Stoo yenyewe ilibaki kavu, na ukuta wake wa nyuma haukuonyesha alama ya unyevu.

Mashine ya kukaushia iliahirishwa. Kwenye breka na juu ya ubao wa kukunjia imeachwa nafasi yake, kwani mashine mbili zilizopandana hazifiki mita 2 na stoo ina mita 2 na nusu. Ikinunuliwa, nimewashauri wachukue ile inayotumia pampu ya joto, ambayo huvuta umeme kidogo kuliko ya kawaida na hukusanya maji yake badala ya kuumwaga mvuke ndani ya korido. Mama anataka kwanza kuona vuli itakavyokuwa.